Besiboli: Vituo Vilivyoibwa Kila Mtu Akiangalia

Boston, usiku wa tarehe 17 Oktoba 2004, uwanja wa Fenway Park. Red Sox wameshafungwa michezo mitatu mfululizo na New York Yankees. Anayetangulia kushinda minne anasonga mbele, na hadi siku hiyo hakukuwa na timu ya ligi kuu ya Marekani iliyowahi kutoka kwenye shimo la 3 kwa 0. Ni awamu ya tisa, ya mwisho, Yankees wanaongoza 4 kwa 3. Kwenye kilima cha kurushia amesimama Mariano Rivera, Mpanama ambaye kazi yake ilikuwa kuja mwishoni na kufunga mlango, na hakuna aliyeufunga mara nyingi kuliko yeye. Anamrushia Kevin Millar mipira minne nje ya eneo la kupigia, Millar anapewa kituo cha kwanza bure. Kocha Terry Francona anamtoa Millar papo hapo na kumwingiza Dave Roberts.

Roberts aliingizwa kwa kazi moja: kuiba kituo cha pili. Rivera alijua, mdakaji Jorge Posada alijua, na mashabiki waliojazana jukwaani walijua. Rivera akarusha mpira kituo cha kwanza kumrudisha. Akarusha tena. Mara ya tatu Roberts aliponea chupuchupu. Kisha Rivera akageukia kwa mpigaji, Bill Mueller, na mguu ulipoinuka tu Roberts alikuwa ameshachomoka. Posada alirusha vizuri. Derek Jeter alidaka na kushusha glavu upesi. Mkono wa Roberts ulikuwa umeshagusa kituo, kwa tofauti ndogo mno hata ukiirudia picha polepole bado roho inaruka. Mueller akapiga mpira uliopita katikati ya uwanja, Roberts akakimbia hadi nyumbani, 4 kwa 4. Katika awamu ya 12 David Ortiz akaupeleka mpira nje ya uwanja. Red Sox wakashinda mchezo huo na mitatu iliyofuata, wakaenda kuwafagia St. Louis Cardinals 4 kwa 0, na ubingwa uliokuwa umewakimbia tangu 1918 ukarudi Boston.

Watu wengi humkumbuka Ortiz. Ni haki yake. Lakini tukio linalostahili kufunguliwa na kuangaliwa kwa ndani ni lile la Roberts, kwa sababu wizi wa kituo ni sehemu ya besiboli inayoonekana kuwa ya mbio tu, na kwa kweli mbio ndizo zinazochangia kidogo.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: uwanja wa ndani ni mraba wenye vituo vinne, cha mwisho kikiitwa nyumbani, na kutoka kimoja hadi kingine ni futi 90, yaani mita 27.4. Aliyefika kituo cha kwanza kwa kawaida husubiri mwenzake apige mpira ndipo asogee. Mwizi hasubiri. Anachomoka mrushaji anapoanza kumrushia mpigaji. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji anaudaka mpira, anainuka, anautuma kituo cha pili, na mlinzi wa pale anajaribu kumgusa mkimbiaji nao. Akiguswa kabla ya kufika ni auti, na timu ina auti tatu tu kwa awamu.

Sasa chukua saa ya kupimia, kama ile anayoishika kocha wa kituo cha kwanza. Tangu mrushaji aanze kujongea hadi mpira kutua kwenye glavu ya mdakaji ni kama sekunde 1.3. Akitumia 1.5 anakaribisha wezi. Akishuka hadi 1.1 au 1.2 amewafungia. Tangu mpira utue kwa mdakaji hadi ufike glavu ya mlinzi wa kituo cha pili, umbali wa karibu mita 38.8, ni sekunde 2.0 kwa mdakaji wa kawaida na kama 1.85 kwa aliye bora kabisa. Jumla 3.3, ongeza kidogo cha kushusha glavu na kugusa. Mkimbiaji mzuri aliyejivuta mbele ya kituo mita tatu na nusu hivi anahitaji 3.3 hadi 3.5 kumaliza safari. Kwa hesabu hiyo wakishindana saa kwa saa, kila mtu akifanya kazi yake sawasawa, mwizi anakamatwa au anafika pamoja na mpira. Kinachomwokoa ni sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde, na hizo hazipo miguuni mwake. Ziko kwa mrushaji. Wachezaji wa zamani wana msemo kwamba kituo huibiwa mrushaji, mdakaji husingiziwa tu.

Mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, alijaribu kuukanusha msemo huo kwa pesa zake. Mwaka 1974 alimsajili Herb Washington, mkimbiaji wa mbio fupi aliyekuwa na rekodi za dunia za mbio za ndani za yadi 50 na 60. Washington hakujua kupiga wala kudaka na hakuombwa afanye hivyo. Alicheza michezo 105 ya ligi kuu bila kushika gongo hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuingizwa, kukimbia na kutoka. Katika majaribio 48 aliiba vituo 31. Hiyo ni chini ya asilimia 65, kiwango ambacho, kama tutakavyoona, kinaitia timu hasara. Kwenye World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ya mwaka huohuo, mchezo wa pili, awamu ya tisa, Oakland wakiwa nyuma kwa pointi moja, aliingizwa kituo cha kwanza dhidi ya Mike Marshall wa Dodgers. Marshall alimtazama, akamtazama tena, akageuka ghafla na kurusha. Washington alikuwa ameelemea upande wa kituo cha pili. Auti. Mtu mwenye kasi kuliko wote uwanjani alinaswa amesimama.

Kosa lake lina jina kwa kila kocha: uzito. Mwizi akishajivuta mbele, miguu imeachana kuzidi kidogo upana wa mabega, magoti yamekunjika, uzito unapaswa kukaa katikati, juu ya vidole na si visigino. Ukiuegemeza mguu wa kulia umemwambia mrushaji unakokwenda, na ukitakiwa kurudi utachelewa. Ukiuegemeza wa kushoto uko salama lakini umeshapoteza hatua ya kwanza. Na hiyo hatua ya kwanza ni ya kuvusha: mguu wa kulia unafungua kidogo kuelekea kituo cha pili, wa kushoto unapita mbele yake, kiwiliwili kikibaki chini. Anayesimama wima kwanza ndipo akimbie ameshatupa ile sehemu ya kumi aliyokuwa akiitafuta.

Macho nayo yana mahali pake. Mrushaji wa mkono wa kulia anaposubiri, kituo cha kwanza kiko nyuma ya bega lake la kushoto. Akitaka kurusha huko ni lazima mguu wa nyuma, wa kulia, usogee kwanza. Akienda kwa mpigaji, kisigino cha mbele ndicho kinachoinuka. Kwa hiyo mwizi huangalia visigino, haangalii mpira. Wapo warushaji wanaojisaliti kwa njia nyingine: bega la mbele linafunga kidogo kabla ya kwenda nyumbani, kidevu kinashuka, au hesabu ya kimoyomoyo inakuwa ileile kila mara, sekunde mbili za kutulia kisha kurusha. Huyo wa hesabu ileile ni zawadi. Mrushaji wa kushoto ni shida zaidi, maana anamkabili mwizi uso kwa uso na anaweza kuinua mguu wake wa kulia bila kuonyesha bado unakwenda wapi. Andy Pettitte wa Yankees aliwanasa wengi kwa ujanja huo. Dhidi ya mtu kama yeye baadhi ya wezi huacha kusoma kabisa na kuondoka kwa kubahatisha mguu unapotikisika tu, wakiomba asiwe anageukia kwao.

Kuna pia suala la mpira gani unakuja. Mpira wa kasi, wa maili 95 kwa saa, humfikia mdakaji kwa kama sehemu nne za kumi za sekunde. Mpira wa kupinda, wa maili 78, huchelewa karibu sehemu moja ya kumi zaidi, na mara nyingi huishia chini, mdakaji akiudaka vumbini na kuinuka vibaya. Mwizi anayemaliza safari kwa kasi ya mita nane kwa sekunde hupata karibu sentimita 80 za bure. Ndiyo maana mwizi mwenye akili anajali kama mpigaji ameshakosa mara mbili: hapo ndipo mpira wa kupinda unapotegemewa.

Turudi nyuma kidogo. Jackie Robinson wa Brooklyn Dodgers alipoingia uwanjani Ebbets Field tarehe 15 Aprili 1947, akavunja ukuta wa ubaguzi uliowazuia weusi kucheza ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60, aliingia pia na namna ya kukimbia ambayo ligi za weusi zilikuwa zimeilea na ligi kuu ilikuwa imeiacha. Tangu Babe Ruth aonyeshe kwamba gongo moja linaweza kumaliza kazi, makocha wa ligi kuu walikuwa wamewaambia wakimbiaji watulie vituoni. Kwa weusi haikuwa hivyo. Huko alitoka James "Cool Papa" Bell, ambaye mrushaji Satchel Paige alisema alikuwa na kasi ya kuzima taa na kulala kitandani kabla chumba hakijawa giza. (Bell alieleza baadaye kwamba swichi ya chumba hicho ilikuwa mbovu, taa ilichelewa kuzima.) Robinson aliongoza ligi yake kwa wizi mwaka wake wa kwanza, vituo 29. Namba yenyewe si kubwa. Kilichowatesa warushaji ni jinsi alivyocheza pale katikati: anaanza kukimbia, anasimama, anarudi nusu, anaanza tena, hadi mrushaji anasahau mpigaji.

Na aliiba nyumbani. Mara 19 katika michezo ya kawaida ya ligi. Kuiba nyumbani ni wazimu ukiupima kwa saa, kwa kuwa mpira unakwenda palepale unapokwenda wewe. Inawezekana pale mrushaji anapoanza mwendo wake mrefu bila kukujali. Tarehe 28 Septemba 1955, mchezo wa kwanza wa World Series, uwanja wa Yankee, awamu ya nane, auti mbili, Whitey Ford akirusha, Robinson akiwa na miaka 36 na miguu iliyochoka alitoka kituo cha tatu. Mdakaji Yogi Berra aliudaka mpira na kumshushia glavu mguuni. Mwamuzi Bill Summers akanyoosha mikono: salama. Berra aliruka, akafoka, akamzunguka mwamuzi, na hadi anafariki mwaka 2015 alisema yule mtu alikuwa auti. Ukiitazama filamu huwezi kuapa kwa upande wowote. Kinachosahaulika ni kwamba Dodgers walishindwa mchezo ule 6 kwa 5, na kwamba kwa mahesabu ulikuwa uamuzi mbaya: timu iliyo nyuma kwa pointi mbili haihitaji pointi moja kwa bahati nasibu. Dodgers waliutwaa ubingwa katika mchezo wa saba, wa kwanza na wa pekee wa Brooklyn, na hapo hakuna aliyeuliza tena.

Dodgers walihamia Los Angeles mwaka 1958, na huko ndiko wizi ulipogeuzwa kuwa kazi ya kila siku. Maury Wills, mwembamba, asiye na nguvu za gongo, aliiba vituo 104 mwaka 1962. Rekodi aliyoivunja, 96 ya Ty Cobb, ilikuwa imekaa tangu 1915. Alikamatwa mara 13 tu. Ukitaka kujua aliwaogopesha wapinzani kiasi gani, angalia walichofanya San Francisco Giants Agosti ya mwaka huo. Mtunza uwanja wao, Matty Schwab, alichimba eneo la karibu na kituo cha kwanza, pale Wills anapochomokea, akachanganya mchanga na mboji na kulimwagia maji mpaka likawa tope. Waamuzi waliona, wakaamuru lirekebishwe, ila sehemu iliyorekebishwa ilibaki laini vilevile. Mguu wa kulia ukiteleza nusu kiganja kwenye hatua ya kwanza, ile sehemu ya kumi ya sekunde imekwenda. Giants walishinda michezo yote mitatu ya ziara ile. Mwisho wa msimu timu hizo mbili zililingana kabisa kwa ushindi, ikabidi zicheze michezo ya ziada, na Giants wakapita. Sijui niite ni udanganyifu au ni ufundi. Nadhani ni vyote viwili, na Wills angekuwa wa kwanza kukubali kwamba lilikuwa jibu la kiufundi.

Wills alikuwa na daftari la kichwani la kila mrushaji. Lou Brock wa Cardinals alikwenda mbele zaidi: aliwapiga picha za filamu kwa kamera ndogo na kuziangalia nyumbani. Brock pia aliukataa ujivutaji mrefu. Yeye alisogea kidogo tu, lakini alikuwa tayari anatembea mrushaji anapoanza, hivyo hakuanzia kwenye kusimama. Mwaka 1974, akiwa na miaka 35, aliiba 118. Vince Coleman, aliyemfuata Cardinals, aliiba zaidi ya 100 kila mwaka kuanzia 1985 hadi 1987. Yeye anakumbukwa pia kwa tukio la ajabu: Oktoba 1985, kabla ya mchezo wa mchujo, turubai la kufunikia uwanja linalojikunjua kwa mashine lilimpanda mguu akijinyoosha. Mtu ambaye wadakaji hawakumweza alizuiwa na turubai, na Cardinals wakapoteza World Series bila yeye.

Kisha Rickey Henderson. Aliyezaliwa siku ya Krismasi 1958 ndani ya gari lililokuwa njiani kwenda hospitali, Chicago. Alifariki Desemba 2024, na namba zake zilikuwa bado zinasomeka kama makosa ya uchapaji: vituo 1,406, wakati anayemfuata, Brock, ana 938. Mwaka 1982 akiwa Oakland alifika 130. Rekodi ya Brock ya 118 aliipita Milwaukee tarehe 27 Agosti, na usiku huohuo akaongeza vitatu vingine. Tarehe 1 Mei 1991 alikichukua kituo cha tatu dhidi ya Yankees, cha 939 maishani, akaking'oa, akakiinua juu kwa mikono miwili na kutangaza kwamba leo yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Brock alikuwa amesimama pembeni yake. Saa chache baadaye, Texas, Nolan Ryan akiwa na miaka 44 alimaliza mchezo wake wa saba bila kuruhusu mpigo hata mmoja, na asubuhi magazeti yakagawana kurasa.

Henderson aliingia vituoni kichwa kwanza. Alisimulia kwamba alijifunza kwenye ndege: kuna rubani anayetua kwa kishindo na kuna anayetua usijue, na tofauti ni kwamba wa pili anashuka kidogokidogo akiwa tayari karibu na ardhi. Naye akawa anashusha kiwiliwili hatua kadhaa kabla ya kituo, asirukie kutoka juu. Anayerukia kutoka juu hupoteza kasi hewani na kutua kwa mbavu. Anayeanza kuserereka mapema mno husimama kabla ya kituo. Anayechelewa hukipita, mkono unateleza, na mlinzi mjanja anaacha glavu palepale akisubiri. Hatari kubwa ya kichwa kwanza ni vidole. Siku hizi wengi huvaa mkononi glavu bapa ngumu inayofunika vidole vyote, na inasaidia, ingawa haikingi bega.

Kuhusu zile 130, nina neno. Mwaka ule alikamatwa mara 42, rekodi nyingine ambayo haitajwi sana. Mkimbiaji aliye kituo cha kwanza bila auti anaipa timu matarajio ya karibu pointi 0.87 katika awamu hiyo. Akiiba cha pili yanapanda hadi kama 1.1. Akikamatwa yanaporomoka hadi 0.26 hivi. Unachopata ni robo ya pointi, unachopoteza ni zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu, mwizi anayefanikiwa chini ya mara 72 au 73 kati ya 100 anaiibia timu yake mwenyewe. Henderson wa 1982 alikuwa kwenye asilimia 75.6, yaani juu kidogo ya mstari. Henderson wa 1985, aliyeiba 80 na kukamatwa mara 10 tu akiwa Yankees, ndiye aliyekuwa hatari kweli. Ukubwa wake wote uko zaidi kwenye pointi 2,295 alizofunga, ambazo hakuna aliyezifikia, na katika subira ya kungoja mipira mibaya hadi apewe kituo bure.

Hesabu hizo hubadilika na hali ya mchezo, na hapo ndipo Babe Ruth amekuwa akionewa. Tarehe 10 Oktoba 1926, mchezo wa saba wa World Series, awamu ya tisa, auti mbili, Cardinals 3, Yankees 2. Ruth amepewa kituo cha kwanza bure na mkongwe Grover Cleveland Alexander. Bob Meusel yuko kwenye gongo, Lou Gehrig anafuata. Ruth anachomoka. Bob O'Farrell anarusha kwa Rogers Hornsby, Ruth anaguswa, msimu umekwisha. Kila kitabu kinalichukulia tukio hilo kama upumbavu. Lakini kwa auti mbili, mtu aliye kituo cha kwanza hufunga kama mara 13 katika 100. Aliye cha pili, kama 22. Kwa hiyo kinachohitajika ni kufanikiwa mara 60 katika 100 tu, na Alexander hakuwa anapigika kirahisi siku ile. Kilichokuwa kibaya ni mwizi mwenyewe: Ruth wa mwaka 1926 hakuwa na hizo 60.

Timu zilipoanza kuajiri watu wa hesabu, wizi ulipungua. Ligi ikaona mchezo unakuwa mzito, na mwaka 2023 ikabadili sheria tatu. Kituo kilikuwa na upande wa inchi 15, kikawa 18, na kwa hilo umbali wa kutoka cha kwanza hadi cha pili ukapungua inchi 4.5, kama sentimita 11. Saa ikawekwa: mrushaji mwenye mkimbiaji kituoni alipewa sekunde 20, na mwaka uliofuata zikawa 18. Na kubwa kuliko zote, anaruhusiwa kujitoa kwenye kibao anachokanyaga akirusha au kurusha kwa mkimbiaji mara mbili tu kwa kila mpigaji. Ya tatu isipomnasa mtu, wakimbiaji wote wanasogea kituo kimoja bure. Mwaka 2022 viliibwa vituo 2,486. Mwaka 2023, 3,503, na mafanikio yakavuka asilimia 80.

Ukitaka kuona sheria hiyo inavyofanya kazi uwanjani, mwangalie mkimbiaji baada ya kurushiwa mara ya pili. Atasogea nusu hatua zaidi, waziwazi, kama mtu anayemwonyesha mrushaji mfuko wake mtupu. Rivera dhidi ya Roberts alirusha mara tatu. Kwa sheria za leo ile ya tatu, aliyokaribia kumnasa nayo, ingempa Roberts kituo cha pili bila jasho. Roberts amesimulia zaidi ya mara moja kwamba ile mitatu ilimsaidia: alikuwa amekaa benchi siku kadhaa, mwili baridi, hofu juu, na kila kurudi kituoni kulimpasha moto.

Maneno mengine anayoyasimulia ni ya Wills. Roberts alikuwa Dodgers kabla ya kuuzwa Boston Julai 2004, na Wills, aliyekuwa akiwafundisha vijana kukimbia kambini, alimwambia itafika siku kila mtu uwanjani atajua utaiba, na utatakiwa uibe hivyohivyo bila kuogopa. Leo Roberts ni kocha mkuu wa Dodgers na anavaa jezi namba 30, ya Wills. Ndiye aliyekuwa kwenye benchi Miami tarehe 19 Septemba 2024, siku Shohei Ohtani alipopiga homurani tatu, yaani mipira iliyotoka nje ya uwanja, akaiba vituo viwili na kuwa mtu wa kwanza kufikisha homurani 50 na vituo 50 vya wizi katika msimu mmoja. Alimaliza na homurani 54 na vituo 59, akikamatwa mara nne tu. Ohtani alikuwa akiuguza kiwiko kilichofanyiwa upasuaji na hakurusha mwaka ule, kwa hiyo miguu yake ilipata ruhusa ya kutumika. Bei yake ilionekana Oktoba: katika mchezo wa pili wa World Series alijaribu kuiba cha pili, akaserereka miguu kwanza, akaegemea mkono wa kushoto chini, bega likatoka mahali pake. Auti, na maumivu juu. Dodgers walichukua ubingwa hata hivyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, klabu hiyohiyo iliwasajili Waganda wawili mwaka 2022, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote warushaji, yaani watu wa upande wa kuibiwa.

Na kama bado unadhani miguu ndiyo kila kitu, mtafute Josh Naylor katika msimu wa 2025. Mlinzi wa kituo cha kwanza, mzito, ambaye vipimo vya kasi vinamweka karibu na mkia wa ligi nzima. Aliiba vituo 30 na kukamatwa mara mbili. Baada ya kuhamia Seattle katikati ya msimu aliiba 19 bila kukamatwa hata mara moja. Kiangalie anachofanya: mrushaji anapouelekeza uso nyumbani, Naylor anaanza kutembea taratibu, hatua moja, mbili, bila papara, na mpira unapoondoka mkononi tayari ameshafika mbali kuliko mwenye kasi yeyote aliyesimama akisubiri ishara.